Mbio za milimani: kabla yetu walikimbia nani?

Najua nimepotea. Semesta hii imenibana kwelikweli, asaimenti juu ya asaimenti, lakini leo nimeamua kukaa chini niandike jambo ambalo limenikaa kichwani tangu likizo. Wengi wenu mliziona zile picha za mbio za msituni na milimani kule kwetu Muleba, na maswali yamekuwa mengi. Jamaa mmoja hapa hosteli akaniambia, "Ndugu yangu, kukimbia porini ni mambo ya wazungu, nyie Wahaya mmeanza lini?" Tukacheka wote. Lakini mimi nasoma ualimu na somo langu la kufundishia ni historia, sasa swali la "lini" huwa siliachi lipite hivi hivi. Hili ndilo jibu langu, refu kidogo, mnivumilie.

Kwa kifupi: mchezo ni mgeni, njia si ngeni. Mbio za milimani kama mchezo wenye kombe la dunia zilianza kutambulika mwaka 1985, huko Italia. Hapa kwetu Afrika Mashariki majirani wametutangulia. Mkenya Patrick Kipngeno alichukua ubingwa wa dunia wa kupanda mlima kule Thailand mwaka 2022, akarudia Austria mwaka 2023. Na sisi Tanzania tusijidharau. Mwaka 2006 Simon Mtuy, mwongoza watalii wa Kilimanjaro, alipanda mpaka kileleni na kushuka kwa saa 9 na dakika 21, njia ambayo mgeni wa kawaida hupewa siku tano au sita. Kwenye lami na uwanjani nako tunao akina John Stephen Akhwari, Filbert Bayi, Juma Ikangaa, na juzi juzi hapa Alphonce Simbu aliyechukua dhahabu ya dunia ya marathoni kule Tokyo, Septemba 2025. Ila ukiangalia majina hayo utaona Manyara, Singida, Arusha. Kagera hatumo. Sisi tunajulikana kwa kahawa, senene, shule, na (si mnajua tena) kujisifu.

Mbio zetu zenyewe zilikuwa za vijana wa mtaani na wanafunzi walio likizo, hakuna mdhamini wala fulana za kampuni. Tulianzia chini upande wa Muhutwe, tukapandisha kuelekea tambarare ya Kamachumu. Kwa wasiopajua: nchi ya Bukoba na Muleba imejengwa kwa migongo ya vilima inayokwenda kaskazini hadi kusini sambamba na ziwa, na katikati ya mgongo mmoja na mwingine kuna bonde lenye chepechepe. Uso wa Ziwa Viktoria uko mita 1,134 hivi juu ya bahari, na Kamachumu iko juu zaidi kwa mamia ya mita. Ukiikatiza nchi hii kwa upana basi hesabu kupanda, kushuka, kuvuka tope, kupanda tena. Na mvua ndiyo usiseme, mji wa Bukoba hupata zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka. Kwa hiyo suala la nani ana kasi halikuwepo sana, suala lilikuwa nani hatateleza.

Sasa ndugu zangu, nilipokuwa nahema pale katikati ya mlima ndipo nilipoanza kuangalia vizuri nilichokuwa nakanyaga. Kwanza huo "msitu" wenyewe. Tulipita kwenye misonobari na mikaratusi, miti mizuri, kivuli safi, lakini yote imepandwa na watu. Ukitoka hapo unaingia rweya, yaani uwanda wa nyasi ambao hauoti kitu cha maana, halafu ghafla unaingia kwenye kibanja, migomba na mibuni imesongamana mpaka jua halionekani. Tangu nikiwa mtoto nilidhani Mungu aliiumba Buhaya hivyo hivyo, rweya huku na kibanja kule. Kumbe sivyo.

Kule Katuruka, upande wa Maruku, Bukoba Vijijini, mtaalamu wa mambo ya kale Peter Schmidt alichimba kuanzia miaka ya 1970 mahali ambapo wazee walimwonyesha. Palikuwa na mti mkubwa wa matambiko ukiitwa Kaiija. Masimulizi yanasema hapo ndipo Mukama Rugomora Mahe alipowaamuru wahunzi wajenge mnara wa chuma ufike mbinguni, ukaanguka na kuua watu. Mtu mwingine angesikiliza, akacheka, akaenda zake. Yule alichimba chini ya mti na kukuta shimo la kufulia chuma, na vipimo vya mkaa vikaonyesha umri wa takriban miaka 2,500. Fikiria! Masimulizi yalikuwa yamelinda mahali penyewe kwa muda wote huo. Mwaka 1976 wazee waliokuwa bado wanaikumbuka kazi hiyo walijenga tanuru wakayeyusha chuma mbele ya watafiti, na matokeo yakachapishwa kwenye jarida la Science mwaka 1978. Wataalamu wengine wamebishana na Schmidt kuhusu jinsi tanuru zile zilivyofanya kazi na joto lake lilitoka wapi, lakini kwamba chuma kiliyeyushwa Buhaya zamani sana, hilo halina ubishi.

Na chuma hula miti. Kila tanuru lilitaka mkaa, na mkaa ulitoka msituni. Ushahidi wa mkaa pamoja na chavua za mimea ya kale unaonyesha misitu ya ukanda huu wa ziwa ilipungua sana katika zama hizo za chuma, nyasi zikachukua nafasi. Halafu baadaye watu wakajenga udongo upya kwa mikono yao: ng'ombe wakala nyasi za rweya, samadi ikapelekwa kwenye migomba, mwaka hadi mwaka, kizazi hadi kizazi. Kwa hiyo rweya ni maskini na kibanja ni tajiri kwa sababu rutuba ilihamishwa kichwani na mgongoni, kapu kwa kapu. Msitu wa asili unaoweza kukuonyesha sura ya zamani upo Minziro, kule Missenyi mpakani na Uganda. Huku Muleba sisi tulikuwa tunakimbia ndani ya kazi ya watu.

Haya, tuje kwenye miguu yenyewe. Nchi ilikuwa na falme kadhaa, Kiziba, Kyamutwara, Kianja, Ihangiro (hiyo ndiyo kwetu Muleba) na nyinginezo, na jirani kuna Karagwe. Falme zote hizo ziliendeshwa kwa miguu. Mwaka 1861 Waingereza Speke na Grant walipofika kwa Rumanyika wa Karagwe ilibidi wasubiri, kwa sababu mgeni haingii Buganda bila ruhusa ya Kabaka, na ruhusa hiyo ililetwa na wajumbe waliokwenda na kurudi kwa miguu. Hebu pigeni picha umbali huo. Ruhusa ilipokuja Januari 1862 Speke akaondoka, Grant akabaki, mguu umevimba na kutunga usaha, hawezi hata kusimama. Alikaa mpaka Aprili, akaondoka akiwa amebebwa kwenye machela. Kila nikisoma habari hiyo nacheka kidogo. Vitabu vya shule vinamwita mvumbuzi, ila katika milima yetu aliyefika kwa miguu yake ni yule aliyembeba.

Halafu ikaja zamu ya Wajerumani. Emin Pasha alianzisha kituo Bukoba mwaka 1890, na mwaka 1901 reli ya Uganda ilipofika Kisumu bandari yetu ikafunguka kwa dunia. Kahawa ambayo zamani ilitafunwa kwa heshima, mgeni anapewa punje zilizochemshwa na kukaushwa, ikageuka kuwa pesa na kodi. Na kahawa haishuki mlima yenyewe. Kabla ya malori ilishuka vichwani mwa watu mpaka ziwani. Njia nyingi tunazoziita "njia za mkato" zilikanyagwa na watu wenye mzigo, ndiyo maana ukizichunguza zinapanda kwa kuzunguka zunguka, hazipandi wima. Mtu mwenye gunia kichwani hapandi wima. Sisi tuliokuwa na chupa ya maji tu ndio tulijifanya wajanja wa kukata kona.

Kuna mbio moja ya mlima Bukoba ambayo imeandikwa kabisa katika historia ya dunia, ingawa hakuna anayeiita mbio. Tarehe 22 Juni 1915, katika Vita Kuu ya Kwanza, meli za Waingereza kutoka Kisumu zilishusha askari kaskazini mwa mji, chini ya genge kali ambalo Wajerumani hawakudhani kama mtu anaweza kulipanda. Wakalipanda. Miongoni mwao alikuwemo Frederick Selous, mwindaji maarufu, akiwa na miaka 63, babu kabisa. Vita ilichukua siku mbili, mlingoti wa mawasiliano ya redio wa Wajerumani ukaangushwa, mji ukaporwa, na washindi wakapanda meli wakarudi walikotoka. Selous aliuawa Rufiji Januari 1917, akapewa pori la akiba lenye jina lake, na sehemu kubwa ya pori hilo tangu 2019 ni Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Sawa. Lakini wenyeji waliokimbilia migombani siku zile mbili na mtoto mgongoni, hao hawakupewa jina la kitu chochote.

Hapo ndipo naomba niwaeleze habari ya Bibi. Nilirudi nyumbani siku ile nimechafuka matope mpaka masikioni, nina furaha kama nimeshinda (nilikuwa wa kumi na kitu huko). Bibi akaniangalia, akauliza, "Mjukuu wangu, mlikuwa mnamkimbia nani?" Nikamwambia hatumkimbii mtu Bibi, ni michezo. Akatikisa kichwa. Akaniambia yeye katika maisha yake hajawahi kumwona mtu mzima anakimbia mlimani kwa furaha. Anayekimbia, ama anafukuzwa, ama anakwenda kuita watu kwenye msiba, ama anampeleka mgonjwa.

Nikakaa naye jioni ile. Akaanza kutaja. Mwaka 1962, yeye binti mdogo, ule ugonjwa wa kucheka. Mnaujua? Ulianza tarehe 30 Januari katika shule ya wasichana ya Kashasha, huku huku Muleba. Wanafunzi 95 kati ya 159 walishikwa, wanacheka, wanalia, wengine wanahangaika na kukimbia ovyo, mpaka shule ikafungwa Machi 18. Wasichana wakarudishwa kwao, na kwa miguu ile ile ugonjwa ukafika Nshamba, ambako watu 217 walipatwa Aprili na Mei, ukasambaa tena hadi karibu na mji wa Bukoba. Madaktari hawakupata kirusi wala sumu, wakasema ni hofu na msongo wa kundi. Duniani wanausimulia kama kichekesho. Bibi alisema wazazi walikuwa wanawavizia watoto wao njiani wakiwa na hofu kubwa, hakuna aliyekuwa anacheka.

Kisha mwaka 1978. Mwishoni mwa Oktoba majeshi ya Idi Amin yaliingia kaskazini mwa mto Kagera, na Novemba daraja la Kyaka likavunjwa. Maelfu walikimbia kusini, wengi kwa miguu, na mifugo waliyoweza kuiswaga. Bibi anakumbuka watu wakifika wakiwa na miguu iliyopasuka, wanaomba maji na mahali pa kulaza watoto. Kampala iliangushwa Aprili 11, 1979, na mwaka huo huo mkoa wetu ukaacha kuitwa Ziwa Magharibi ukaitwa Kagera. Sasa nikaelewa swali lake. Kwa Bibi, kukimbia ni habari mbaya inayokuja.

Lakini alichonyamazia ndicho kilichonigusa zaidi. Baada ya vita hakusema kitu kwa muda mrefu, halafu akasema tu, "Baadaye wakaanza kuondoka vijana." Mliosoma mnajua. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI kutambuliwa Tanzania walikuwa watatu, mkoani Kagera, mwaka 1983, hospitali ya Ndolage. Ndolage iko Kamachumu. Yaani mlima ule ule tulioupanda tukipiga kelele na kupiga picha, watu waliupanda wakiwa wamebeba wagonjwa kwenye machela, na wakaushuka wamebeba majeneza. Katika familia nyingi kwetu, ukihesabu ndugu wa umri wa baba na mama, unafika mahali unahesabu makaburi yaliyoko migombani.

Hili ni jambo la historia pia, si la huzuni tu. Nani alipaswa kutusimulia? Masimulizi ya Kaiija yalidumu kwa sababu kila kizazi kilipokea kutoka kwa kilichotangulia, kama mbio za kupokezana vijiti. Kwetu mkimbiaji wa katikati alianguka, Bibi akabaki na kijiti mkononi na sisi tuko mbali, tena tunasoma kwenye simu. Schmidt mwenyewe aliporudi Katuruka baadaye alikuta wengi waliokuwa wanajua wameshafariki, na mti wenyewe haupo tena. Waliobaki hawakukaa kulia. Wazee wa kijiji ndio walioanza wenyewe kazi ya kukusanya na kuhifadhi kumbukumbu zao, wakamshirikisha yeye. Mpangilio huo naupenda sana: mwenye historia ndiye anayemwita mtaalamu.

Sasa turudi kwa sisi walimu watarajiwa. Kwenye silabasi utaikuta Karagwe, utakuta "matumizi ya chuma" Buhaya kwa mistari miwili, mwanafunzi anakariri, anajibu mtihani, basi. Mimi nimesoma sekondari Kagera miaka yote ile na hakuna siku hata moja tuliyopelekwa kuona tanuru, genge la 1915, wala kuulizwa njia ya nyumbani kwetu ilikatwa na nani. Simlaumu mwalimu mwenye darasa la watoto 90. Nachosema ni kwamba njia ya miguu ni nyaraka isiyohitaji bajeti. Ukimwambia mtoto wa kidato cha pili, "Nenda kamuulize bibi yako njia hii inaitwaje na zamani ilikuwa inapeleka nini," atarudi Jumatatu na kitu ambacho wewe mwalimu hukijui.

Ila tuharakishe, maana nyaraka hizi nazo zinapotea. Mashamba ya miti yanafunga rweya, watu wanaweka uzio, bodaboda zinapita barabara kubwa, na njia isiyokanyagwa misimu miwili ya mvua huku kwetu humezwa na majani kabisa. Kuna mahali kwenye mbio zetu ilibidi turudi nyuma kwa sababu njia aliyoikumbuka kijana mmoja kutoka kwa babu yake iliishia kwenye mikaratusi. Yule babu ameshafariki, hakuna wa kumuuliza ilikuwa inatokea wapi.

Kuna watakaoniambia, "Acha watu wakimbie wafurahi, kila kitu unataka kukifanya lekcha." Nakubali, hata mimi nilifurahi, na nitakimbia tena. Naona ni jambo jema kwamba kizazi chetu kinaweza kupanda mlima wa Kamachumu bila kufukuzwa na mtu, bila mzigo wa kahawa ya kulipia kodi, bila mgonjwa kwenye machela. Hiyo ni raha ambayo waliotutangulia hawakuipata, na nadhani wangependa tuipate. Ila raha hiyo inaongezeka ukijua unakanyaga wapi.

Kwa hiyo pendekezo langu kwa wenzangu tuliokimbia, na kwa nyie mnaotaka kuja likizo ijayo (karibuni, ndizi zipo, rubisi ipo kwa wanaotumia): tusiipange njia sisi vijana peke yetu. Twende kwanza kwa wazee wawili watatu wa kila kijiji tutakachopita, tukae, tusikilize, ndipo tuchore. Kila kituo cha maji kiwe na mtu wa pale anayeweza kusema kwa dakika moja mahali hapo pana nini. Atakayesimama kusikiliza na kupoteza nafasi yake tumpunguzie muda. Nimeshamwambia Bibi awe kituo cha kwanza. Amekubali, kwa sharti kwamba tukifika pale kwake tuache kukimbia, tumwamkie vizuri kwanza.

Haya wadau, kesho nina testi ya saikolojia ya elimu na sijafungua hata ukurasa. Niombeeni. Tuonane kantini.